Siku ya Jembe Niliyolimiwa na Wachuka

Mimi sikutaka kuandika, hilo lijulikane kwanza. Mwalimu Tryphosa amekuja hapa kwangu mara nne. Kila mara ananikuta na kazi, na kila mara anakaa kwenye kiti changu, ananiita Cucu, yaani nyanya, na kusema, "Cucu, andika maisha ya mtu mmoja tu wa hapa, wa zamani, watoto wasome." Nikamwambia maandishi yangu ni ya ngumbaru, nilijifunza nikiwa tayari na wajukuu, na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Akasema haidhuru, atazinyoosha. Sitaki kunyooshewa. Atakavyozipata ndivyo azichape. Na ninaandika Kiswahili kwa sababu yeye ni mtu wa Bungoma, Kikuyu chake ni cha kununulia mboga tu.

Halafu ati alitaka mtu mkubwa, chifu ama mhubiri. Hao wako na watu wa kuwaandika. Mimi nitaandika juu ya Wachuka, ambaye alinilimia siku moja mwaka wa hamsini na tano, na mimi sikumlimia yake.

Wachuka alikuwa mke wa Kahiga. Mtu wa huku akisikia jina hilo anajua, lakini nyinyi wengine hamjui: Kahiga aliingia homugadi, akashika bunduki ya serikali ya wakoloni, na mwaka wa hamsini na nne akauawa na watu wa msituni, wale wa Mau Mau. Mke wake alikuwa akikaa ndani ya kambi ya homugadi, penye maziwa na sukari. Kahiga alipokufa wakamwambia nyumba hiyo ni ya mtu mwenye bunduki, atoke. Akatoka na mtoto mchanga mgongoni, msichana anaitwa Watiri, na jembe mkononi, akaletwa kwetu chini kijijini. Wakampa kibanda karibu na changu. Wanawake hawakumsalimu. Mimi pia sikumsalimu. Bwana yangu Ngatia alikuwa Manyani, kizuizini, na Kahiga alikuwa kati ya waliomshika.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na mdomo wake haukuwa na mlango. Alisema lolote lililokuja. Usiposalimu, alikusalimia, kisha akajijibu mwenyewe: "Habari ya asubuhi? Nzuri, Wachuka, asante kwa kuuliza." Ukimsikia ulitaka kucheka, na ukakasirika kwamba ulitaka kucheka.

Sasa kijiji. Kijiji hicho hatukukijenga kwa kupenda. Nyumba zetu kwenye mashamba zilichomwa, tukakusanywa kwenye mgongo mmoja wa kilima upande wa Mukurweini, tukachimba handaki kukizunguka kijiji na kupanda miti ya ncha ndani yake. Kutwa tulikuwa kwenye kazi ya lazima. Wengi walikuwa na njaa, lakini njaa yangu sitaisema. Nasema ya mtoto wangu Wamucii, miaka mitano. Miguu yake ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Mama wa dawa aliyekuja na gari akamtazama, akaniambia sindano haipo ya ugonjwa huo. Dawa yake ni maharagwe na mboga, kila siku. Akaingia kwenye gari akaenda.

Mwezi wa pili, jua bado kali, hedimani wa kijiji akasimama kwenye jiwe akatangaza. Kila nyumba imepewa kipande cha nyuma, hatua kumi kwa kumi na tano. Hakuna mahindi, hakuna ndizi, hakuna kitu cha kupita goti, ili mtu asipate pa kujificha. Na kipande ambacho hakijamalizwa kuchimbwa mvua ya kwanza ikinyesha, kitapewa mtu mwingine.

Watu waliosikia walifurahi. Kisha tukaenda kukitazama kipande. Mahali hapo zamani ng'ombe wa kilima kizima walipita wakienda mtoni. Udongo ulikuwa mgumu kama chungu kilichochomwa, na ndani yake sangari. Asiyejua sangari nimwambie: ni majani ambayo juu yanaonekana machache na chini yamefumana kama kikapu cha kiondo. Ukiyakata unayazidisha. Lazima uufuate mzizi kwa mkono mpaka mwisho wake, uutoe, uuanike kwenye jua, uuchome, halafu majivu yake uyarudishe shambani. Hakuna njia ya mkato. Ukiacha kipande kama kidole, mwezi wa nne maharagwe yako yamefungwa shingo.

Na wakati wetu wenyewe ulikuwa kutoka saa kumi, kazi ya lazima ikiisha, mpaka chuma kinapogongwa saa kumi na mbili. Na Jumapili baada ya maombi. Jembe sikuwa nalo, lilibaki kwenye nyumba iliyochomwa, mpini ukaungua na chuma kikaokotwa na mwingine. Nilichonga muro, mti mgumu wenye ncha, kama bibi zetu kabla ya majembe kuja. Unaudunga, unauegemea kwa uzito wako wote, bonge linainuka. Wiki mbili nilidunga hivyo, na hata theluthi sikufika.

Zamani ningeita ngwatio. Ngwatio ni hivi: wanawake wanalima kwako leo, wewe unalima kwao siku yao ikifika. Siku kwa siku, mkono kwa mkono. Lakini anayeita ngwatio anapika. Huwezi kuita watu wavunje mgongo kwako halafu uwaonyeshe sufuria tupu. Mimi sikuwa na cha kupika, kwa hivyo sikuita mtu. Wengine wangesema ni kiburi. Waseme.

Jumapili moja niko kwa magoti, nasikia nyuma yangu:

"Mama Wamucii, unalima, ama unatafuta panya?"

Nikaendelea kudunga.

"Nyamaza tu. Mimi nitalima ukinyamaza. Jembe hili halijui mume wangu alikuwa nani."

"Sina kitu cha kukupikia," nikasema.

"Nani ameuliza chakula? Unafikiri sioni moshi wako jinsi ulivyo mwembamba? Utalima kwangu Jumapili ijayo. Kwangu sijagusa, nimeshindwa na mtoto mgongoni. Tukiwa wawili tutamaliza leo hiki chako, na Jumapili hiyo changu. Siku kwa siku."

Nilimtazama Wamucii, ameketi kwenye gunia mlangoni, miguu imenyooshwa mbele kama si yake. Nikasema, "Siku kwa siku." Hayo maneno kwetu si salamu. Ukishayasema umejifunga.

Wachuka alienda mbele na jembe akipasua, mimi nyuma kwa magoti nikifuata mizizi. Alilima kama mtu anayegombana na udongo. Jua likiwa juu, tukaangalia nyuma, na ile ardhi nyeupe ilikuwa imegeuka nyekundu, imepinduliwa, inapumua. Lundo la sangari lilinifika kiunoni. Na mimi, mjinga, nikasikia furaha. Kwenye ngwatio watu huimba, hata mkono wenyewe unajua, hauendi bila wimbo. Mwaka mzima na zaidi sikuwa nimeimba. Nikaanzisha. Mimi, si yeye. Wachuka akaitikia, tukaendelea, na jembe likaanza kuanguka sawasawa na sauti.

Ndipo askari Khisa akaja. Alikuwa polisi kutoka Magharibi. Kikuyu alijua neno moja tu, "thii", yaani nenda. Mengine tulisema kwa Kiswahili, chake na chetu vikigongana njiani.

"Nani anaimba hapo?"

Wachuka akalishusha jembe.

"Mnajua wimbo hauruhusiwi. Nyimbo zenu zote ni za msituni."

"Huu si wa msituni, afande," Wachuka akasema. "Ni wa majani."

"Majani gani?"

"Haya hapa, sangari. Kwenu hayako?"

Khisa akaokota mzizi, akauvuta ukakatika. "Kwetu yako mengi," akasema. "Yalimliza mama yangu." Halafu akakumbuka kofia yake. "Wimbo unasema nini? Sema kwa Kiswahili."

"Unasema kulikuwa na mwanamke mvivu. Akakata sangari juu, akaacha mizizi chini, akaenda kulala. Mvua ikaja. Sangari ikaingia mpaka ndani ya nyumba, ikamfunga mume wake miguu kitandani."

"Halafu?"

"Halafu mume akaita askari."

Khisa akacheka, meno yote nje. "Hiyo ya askari umeiongeza wewe."

"Nimeiongeza, afande. Niliona huyo mume hana mtu wa kumsaidia."

Nikadhani yamekwisha. Lakini hedimani alikuwa amesimama pembeni ya kibanda, mikono nyuma, anatutazama sisi na anamtazama askari anayecheka na wanawake. Khisa akamwona. Kicheko kikafa.

"Nani alianza?" akauliza, na sauti ilikuwa nyingine.

Adhabu yake ilijulikana: siku saba kwenye handaki, alfajiri mpaka chuma kigongwe, bila saa kumi, bila Jumapili. Nilitazama udongo. Nilifikiri, nikienda mimi, Wamucii atalishwa na nani jioni?

"Mimi," Wachuka akasema.

Sikusema kitu. Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta nilichopaswa kusema pale, na lilikuwa neno hilo hilo moja.

Jioni ile tulimaliza kipande changu, na kesho yake akaenda handakini, Watiri mgongoni. Sasa hesabu na mimi. Yeye hana saa kumi, hana Jumapili, na kipande chake hakijaguswa. Mvua ya Machi haikuwa mbali. Mkono wa kulima pale ulikuwa mmoja tu, wangu. Hata jembe aliniachia mlangoni bila kusema.

Jumatatu jioni nililichukua. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya kibanda chake Wacera aliponiita. Wacera alikuwa jirani yangu wa upande wa pili, ndiye aliyekaa na Wamucii mimi nikiwa kazini, kwa kuwa yeye alikuwa na mguu mbovu na hakupelekwa kwenye kazi ya lazima.

"Unakwenda wapi na jembe la Kahiga?"

"Ni la Wachuka."

"Ngatia akitoka Manyani utamwambia ulimlimia nani?" Akatema mate pembeni. "Lima. Mimi sikukatazi. Lakini kesho mtoto wako mpe huyo huyo wa homugadi amlinde."

Nilirudi. Nilijiambia nitamwaga kwanza majivu kwangu. Jumanne nikajiambia samadi. Jumatano nikachambua tena mizizi ambayo tayari nilikuwa nimeichambua. Angani hakukuwa na wingu, nikajiambia mvua bado. Kila jioni Wachuka alirudi na tope mpaka mapajani. Alitazama kipande chake, halafu changu. Halafu aliuliza, "Wamucii ameshindaje?" Hakuuliza lingine. Mtu mwenye mdomo kama ule, wiki nzima hakunidai.

Mvua ilinyesha Ijumaa, mapema kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Nilitoa maharagwe ya mbegu niliyokuwa nimefunga kwenye pembe ya shuka, nikapanda nikilia. Kisha nikachukua jembe nikaenda kwa Wachuka, kweupe, mbele ya kila mtu, Wacera akitazama. Nililima kwenye matope kama mwendawazimu. Nilikuwa nimefanya mistari mitatu hedimani alipokuja na vigingi.

"Acha," akasema. "Hapa si pako, na si pake tena. Sheria mlisikia."

"Yuko handakini. Wewe ndiye unajua yuko handakini."

"Mvua haikuuliza yuko wapi."

Kipande kikapewa mke wa pili wa hedimani.

Maharagwe yangu yalizaa. Wamucii alikula majani yake kwanza, halafu mbegu, na mwezi wa sita miguu yake ilikuwa miguu. Leo yeye ni nyanya, yuko Mukurweini na ng'ombe wawili wa maziwa. Nilijaza kikapu nikampelekea Wachuka. Hakukasirika. Alikisukuma kikapu kikarudi upande wangu.

"Haya ni maharagwe, Mama Wamucii. Mimi nilikupa siku."

"Chukua tu. Una mtoto."

"Nikichukua haya utasema tumemalizana. Hatujamalizana. Siku inarudishwa kwa mkono, hata mtoto anajua."

Bila shamba hakuweza kukaa. Aliomba pasi ya kutoka kijijini akaenda Nyeri mjini, Majengo, kupika uji wa kuuza. Aliondoka na jembe lake begani na Watiri akitembea mbele yake, hatua zake za kwanza kwanza.

Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, ilipoisha nilienda Majengo mara mbili. Karibu na msikiti mwanamke mmoja akaniambia Wachuka alihamia Nanyuki. Mwingine akasema Karatina. Ngatia, aliporudi, aliniambia niachane na mambo hayo, mke wa homugadi ni mke wa homugadi. Ngatia hakulimiwa. Mimi nililimiwa.

Wachuka labda hayuko tena. Lakini ngwatio haifi na mtu, inapita kwa mtoto wake. Kwa hivyo wewe uliyesoma mpaka hapa, umepewa kazi. Uliza Nanyuki, uliza Karatina, uliza sokoni na kanisani: yuko wapi Watiri, binti wa Wachuka na Kahiga, aliyezaliwa mwaka wa hamsini na nne? Ukimpata, muulize shamba lake liko wapi na sangari imefika wapi, halafu mletee jibu Mwalimu Tryphosa, ajue kuwa kiti changu amekikalia kwa sababu. Usiniambie nimezeeka. Magoti yangu bado yanakunjika, na mzizi unafuatwa kwa magoti. Uliza kabla ya mvua ya Machi.