Nusu ya Kichwa

Wateja walimwita Mkono Mwepesi kwa kuwa alisuka bila kuumiza. Siku hizi alisukia hospitalini, amekaa ukingoni mwa kitanda, mgonjwa aliyekwisha kupona. Mshono wa tumboni ulikuwa umefunga na daktari ameshaandika ruhusa, lakini bila risiti ya dirisha la malipo mlinzi wa getini hampitishi mtu. Na kila usiku aliolala pale uliongezwa kwenye bili.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyepitisha mchango kwa ndugu. Kila alipofika dirishani na kiasi walichotajiwa, bili ilikuwa imeshasogea mbele.

"Shemeji," alimwambia safari hii, bahasha ikiwa bado mkononi, "kwa hela hizi kaka angekuoa mara mbili."

"Na mara zote mbili angejuta. Mtoto?"

"Anakula. Hasumbui."

"Nimekuuliza mtoto, sikuuliza chakula."

Shemeji akatazama viatu vyake. "Ameanza kumwita bibi yake mama."

Maziwa yalishakauka kifuani mwa Mkono Mwepesi. Alikuwa akijipa moyo kwamba mtoto hasahau harufu. Shemeji alipoondoka, alikwenda dirishani mwenyewe kuuliza kama akilala sakafuni watamfutia kitanda.

"Kompyuta haijui sakafu, mama," karani alimjibu, wala hakuwa na ukali. "Inajua hujatoka."

Mchana ule sista wa wodi alileta rasta zake, akaketi kwenye kigoda. Kesho yake alikuwa anaozesha mdogo wake. Mikono ilifanya kazi mpaka katikati ya kichwa, ikasimama.

"Vipi, dada?"

"Nusu iliyobaki nitakusukia nyumbani kwangu."

Sista akacheka. Kisha akaona anacheka peke yake; haukuwa utani. "Dada, kesho nina harusi."

"Na mimi nina mwanangu. Kamwambie yule wa dirishani."

"Nenda hivyohivyo, sista," alisema bibi wa kitanda cha pili. "Mpiga picha utampa upande mmoja tu."

Wodi nzima ikaangua kicheko, nacho kilikuwa kicheko cha watu waliokaa muda mrefu bila kukipata. Sista akajifunga kitambaa, akatoka. Mkono Mwepesi alikaa akisikiliza mlio wa viatu vyake ukififia koridoni, na kwa kitambo kile aliruhusu moyo wake ufike getini.

Sista alirudi polepole.

"Nimemwambia wanikate mimi, kwenye mshahara. Kasema hauna nafasi."

"Hauna nafasi kwa nini?"

"Mama yangu alilazwa hapahapa. Alifia wodi ile ya mwisho. Bado wananikata."

Yule bibi alijigeuza ukutani, akavuta shuka. Mkono Mwepesi alitazama kitambaa kile kilichofunga upande mmoja wa kichwa wenye misuko na mwingine wenye nywele timutimu. Kumkomoa nani, sasa? Akapigapiga kigoda.

"Kaa."

Alimalizia kwa uangalifu, bila haraka, kwa maana hakuwa na pa kwenda. Dirishani karani alikuwa anafunga hesabu za siku, na kitanda kilikuwa kimeshaandikiwa usiku mwingine.

"Ukiumia useme," alimwambia sista.

Sista alifumba macho. Hakusema.