Mzaha Ambao Baba Aliumeza

Dawa ya kuchua, ile kali inayochoma pua mpaka machozi yakutoke, ndiyo iliyonirudisha nyuma wiki jana. Dereva wangu alikuwa akijipaka gotini ndani ya lori. Nina malori matatu, na shule niliishia darasa la sita, msinione hivi. Nikamwambia ashuke, akadhani nimekasirika. Wapi! Ilikuwa harufu ya baba yangu.

Baba alikuwa golikipa. Kutoka Hola hadi Kipini walimwita Ukuta. Goti lilipomharibikia akageukia harusi: kuimba, kuchekesha, kuiga watu. Ngoma nilimpigia mimi, na Garsen nzima hapakuwa na mtoto wa kupiga kama mimi. Mzaha uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa mfugaji anayempeleka fahali wake mnadani, bei ikishakubaliwa anaangua kilio, anamkumbatia fahali na kurudi naye nyumbani. Nikipiga tu ile midundo mizito ya kumwita mfugaji, watu walishaanza kucheka. Wafugaji wenyewe ndio waliocheka zaidi, wakigonga fimbo chini.

Kicheko hicho ndicho kilichompa udiwani, mwaka ule wa mafuriko ya El Nino. Maji yalipopungua, watu wetu, wakulima wa mtoni, wakalima mpaka ndani ya malka, ile njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Mahindi yakaota. Wafugaji wakaja kwa diwani wao. Baba akasimama mbele ya ndugu zake mwenyewe, akasema, "Malka ni ya ng'ombe tangu enzi za babu zetu. Ng'oeni."

"Mwamba ngoma huvutia kwake," mjomba akamjibu. "Wewe Ukuta, wamvutia nani?"

Mwezi haukuisha, shangazi akamwoza binti yake. Baba akavaa shati lake la maua, tukaenda. Akaimba: kimya. Akamwiga karani wa kura: kimya. Mama mmoja akapaza sauti, "Kawachekeshe ng'ombe wako, Diwani!" Hapo ndipo watu walipocheka.

Dawa niliijua. Nikapiga midundo ya mfugaji. Watu wote wakageuka, meno nje, wakingoja. Baba akatikisa kichwa. Nikapiga tena, kwa nguvu. Akaja akaweka kiganja chake kipana juu ya ngozi ya ngoma.

"Basi, mwanangu. Hiyo leo haichezwi."

Akamwimbia bibi harusi mpaka ubeti wa mwisho. Hata kofi moja hakupigiwa. Tukaondoka bila kula.

Hakualikwa tena popote. Udiwani nao ukaenda. Alikufa mimi sijanunua hata baiskeli, na miaka mingi nilijiuliza: mtu ana chakula mkononi, analalaje njaa?

Nimekuja kuelewa ukubwani, miaka ile vijiji vyetu na vya wafugaji vilipochomana. Nilisimamisha lori nitie mafuta, nikakuta vijana wa kwetu wakimwiga mfugaji anavyotembea na anavyolia. Mwendo uleule wa baba, sauti ileile. Wakacheka, kisha mmoja akaokota panga.

Siku ile ya harusi baba hakuishiwa na mzaha. Aliumeza mzimamzima, nao ukamkaba mpaka kaburini.