Baruti Haipimwi kwa Ukarimu

Enzi zetu pale Msambweni, mtoto alikua na harufu mbili puani: ya mihogo ya nazi na ya baruti. Nguruwe mwitu walitoka vichakani kuvuruga mashamba, na kwa kuwa nyama yao hatuli, waliouawa waliachiwa fisi. Sisi watoto tulijitengenezea magobori ya mabua, tukapigana, tukafa, tukafufuka, tukaitwa kula. Watoto wa siku hizi wananunuliwa bunduki za plastiki, na jioni wanalia zimevunjika. Yetu ikivunjika, bua lilikuwa shambani.

Gobori la kweli lilikuwa la ami Bakari, mdogo wake baba, mkwezi wa minazi. Kipimo chake cha baruti, pembe ya paa aliyoachiwa na babu, kiliingia ufa, na nakumbuka alivyokaa barazani asubuhi nzima akichagua kingine. Kikombe cha kahawa alikikataa: kipana mno, ukizidisha kidogo umezidisha nyingi. Ganda la risasi lilikuwa dogo, lazima ujaze tena na tena, na ukisemeshwa unapoteza hesabu. Mwishowe akakata kipande cha mwanzi. Akaijaza ile pembe mchanga mkavu, akaumimina ndani ya mwanzi, akawa anaupunguza kwa kisu mpaka vikalingana.

"Unasawazisha kwa kidole," alituambia. "Juu ya ukingo haibaki hata chembe."

Wenzangu wa rika langu wakifika hapa huanza kusifu heshima ya zamani. Mimi hapa ndipo ninapokasirika.

Siku ya msako wa nguruwe alikuja baba mkwe wake ami, Mzee Salimu, kutoka Gazi. Mtu mwema, mkarimu, hakufika kwetu mikono mitupu hata siku moja. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akalichukua lile gobori.

"Lete nikushindilie mimi, mwanangu."

Akaujaza ule mwanzi kama anayepima mchele wa zaka ya fitri, mpaka baruti ikafanya kilima na kumwagika pembeni. Akaimimina ndani ya mtutu. Akajaza tena.

"Hiki cha baraka," akasema, akicheka. "Mimi sina mkono wa birika."

Ami aliona. Nilikuwa mlangoni, nikamtazama anavyofungua mdomo, kisha anaufumba. Mkwe hakosolewi.

"Ahsante, baba," akasema.

Mtutu ulipasuka kwa nguruwe wa kwanza. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikwenda nao, na ami hakukwea mnazi tena.

Barazani wakasema ni kudura ya Mungu. Nikauliza, "Kudura ndiyo iliyojaza ule mwanzi?" Bibi akanifinya sikio mpaka nikaona nyota.

"Huyu hana adabu. Unataka kumwaibisha mkwe wa watu?"

Nimesoma mpaka chuo kikuu na bado sijapata jibu la kumpa bibi, Mungu amrehemu, ila hasira. Watu wazima walijaa barazani, kila mmoja anajua kilichotokea, na aliyefinywa ni aliyekisema. Tena Mungu ndiye akabebeshwa lawama.

Idi iliyopita tulikusanyika kwa ami. Mzee Salimu, sasa hasikii vizuri, alikuwa akimtilia mkwewe sukari kwenye chai, kijiko juu ya kijiko. Binti wa mwisho wa ami akasema, "Babu, imezidi hiyo." Baraza zima likamgeukia: watoto wa siku hizi, midomo wazi, enzi zetu ungethubutu?

Ami alikishika kikombe kwa vidole alivyobakiwa navyo.

"Mwacheni aseme," akawaambia.

Naikumbuka mihogo ya bibi, na mabua yetu, na vicheko vile ambavyo sivisikii tena Msambweni. Ningevitaka vyote virudi. Ule ukimya wetu, la.