Siku Niliyowasemea Wanaume wa Bombambili

Mimi ni fundi simu, nina kibanda Bombambili. Mwaka juzi tulialikwa semina ya usawa wa kijinsia kwenye ukumbi wa kata. Akina mama walisema yao kwa muda mrefu, na mengi yalikuwa mazito. Kisha mwezeshaji, dada mmoja mpole mwenye miwani, akauliza, "Na akina baba je? Hamna malalamiko?"

Wanaume wote wakaangalia viatu vyao. Nikasimama mimi.

"Kuna binti nimemfuatilia miezi mitatu. Kila nikimwalika kula, anakuja na rafiki zake wawili. Nalipia chipsi kuku za watu wanne. Niliposema nimechoka, nikaambiwa mimi si mwanaume. Sasa huo usawa unaanzia wapi?"

Nilitegemea makofi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye nilimpa shikamoo mlangoni, alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi aletewe maji. Mwezeshaji aliuma midomo, akageukia ubao, akaandika: WANAUME: CHIPSI.

Kufikia jioni, bodaboda wote walikuwa wamenipa jina jipya. "Bwana Chipsi, leo unalisha wangapi?" Hata mama mmoja aliyeleta simu kutengenezwa alisema, "Mwanangu, mimi nakulipa hapahapa, usije ukanisema kwenye semina."

Siku ya tatu akaja yule mzee, na simu isiyo na tatizo lolote. Alichungulia nje kwanza, kisha akasema chinichini, "Kijana, ulisema kweli. Mke wangu alipofariki, watu walikaa nami wiki moja. Baada ya hapo kila mtu ananiuliza nitaoa lini. Hakuna aliyeniuliza kama napata usingizi."

"Sasa mzee wangu, mbona ulicheka?"

"Ningefanyaje, na wote wanacheka?"

Jumamosi akaja binti mwenyewe. Nikajua leo nimekwisha.

"Umenitangaza kata nzima."

"Sikutaja jina."

"Chipsi kuku, watu wanne. Nani asiyejua ni mimi?" Akavuta stuli, akakaa. "Umewahi kujiuliza kwa nini nakuja na wenzangu? Mwanaume simjui vizuri, giza linaingia, nije peke yangu?"

Kusema ukweli, sikuwahi. Nilijiona mjinga kuliko nilivyojiona mbele ya ule ubao. Nikaomba radhi. Tukakubaliana tukutane mchana, aje peke yake, na kila mtu ajilipie.

Alikuja. Tukala. Nikaongelea betri za simu. Yeye akaongelea baridi ya Juni. Kisha kila mmoja akarudi kwenye sahani yake. Ndipo nikatambua kwamba miezi yote ile waliokuwa wakinichekesha ni wale rafiki zake. Nilimtazama, nikaona naye ameshagundua kwamba sisi wawili hatuna la kuongea, tukacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza.

Uchumba ukaishia pale, bila ugomvi. Siku hizi ana mchumba mwalimu. Simu yake ikipasuka kioo bado ananiletea mimi, na huwa namuuliza anaendeleaje, kisha nasubiri jibu.