Mpwa Wangu Glavu na Bawa Lililonuka

Kabla sijamfikia mpwa wangu, nijisifu kidogo, maana nikingoja wengine wanisifu nitazeeka bure. Mimi ni fundi wa matairi. Nimewahi kuziba pancha ya gari la waziri, gurudumu la mbele kushoto, na waziri mwenyewe alishuka akanishika mkono. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha mimi, hatujakaa bado tukasuluhishwa. Lakini upepo naujua. Upepo ukishaingia ndani ya mpira ni mtu wangu, na atakayekuambia vingine muulize kama waziri amewahi kumshika mkono.

Sasa mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, na kazi yake ni kufua mashuka ya hospitali. Usifikirie beseni na sabuni ya kunukia. Kule kuna tundu ukutani, na kwenye tundu hilo mifuko inasukumwa kutoka wodini, mizito, imelowa, na yeye ndiye anayeifungua. Siku moja nilimpelekea funguo alizosahau, nikafika wakati anafungua mmoja. Nilichokiona sitakitaja kwa sababu huenda unakula. Niseme tu kwamba nilirudi nyumbani nikakaa nje, na chakula cha mchana kililiwa na kuku.

Miaka mingi amefanya hivyo, na glavu za mpira za rangi ya machungwa zinazofika viwikoni. Anazivaa hata nyumbani akimenya viazi. Ndiyo maana tunamwita Glavu. Na cha ajabu, damu haimshtui. Usaha anaukunja kama anakunja foronya. Kinachomtoa roho ni kitu kimoja tu: mate ya mtu mwingine. Kikombe ulichokinywea wewe hakigusi hata kikioshwa kwa maji ya moto. Nami, kwa kuwa Mungu alinipa uchokozi badala ya mali, nilikuwa nikilamba kijiko mbele yake kisha nakirudisha kwenye sukari.

“Mjomba, wewe si mtu!”

“Ni nini basi, mama?”

“Ni ugonjwa.”

Siku zake za mapumziko hakai nyumbani. Anakwenda kwenye bwawa kubwa nyuma ya viwanda vya matofali, ambako kuna klabu ya watu wenye mchezo wa wazimu. Mtu anasimama juu ya ubao. Chini ya ubao kuna mguu wa chuma wenye vibawa vidogo majini. Mikononi ameshika bawa la kitambaa, lina bomba la mbele na bomba la kati, yote yamejazwa upepo kwa pampu, wala halikufungwa kwenye chochote. Upepo unavuta bawa, bawa linamvuta mtu, na mwendo ukikolea ubao unanyanyuka kabisa kutoka majini. Mtu anapita hewani kama anayekatiza sebule bila kutaka kukanyaga zulia.

“Unapata nini kule?” nilimuuliza.

“Pale ndipo mahali pekee, Mjomba, ninapopita juu ya uchafu bila kuugusa.”

Na uchafu upo. Bwawa lile linaota utando wa kijani mzito kama uji uliolala, na upepo ukivuma unausukuma wote upande wa kushukia majini, pamoja na samaki waliokufa, chupa, na nepi ambazo wazazi wake sijui wako wapi. Mara ya kwanza kufika pale nilidhani kuna mtu amekufa. Nikaambiwa hapana, ni Jumanne tu.

Mkuu wa klabu wanamwita Nahodha, ingawa chombo chake ni mtumbwi wenye tundu. Alitangaza kwamba anatafuta mwalimu wa kuwafundisha wanaoanza. Wakajitokeza wawili, mpwa wangu na kocha mmoja wa kuogelea mwenye kifua kama kabati. Masharti yalikuwa haya: kila mmoja achague bawa kuukuu kutoka stoo ya klabu, alitengeneze, na Jumamosi alizunguke boya la katikati nalo na kurudi bila kuanguka. Asiyejua kujichagulia bawa, alisema Nahodha, hawezi kumchagulia mwanafunzi.

“Nikiipata hii,” Glavu aliniambia, “sirudi tena kwenye lile tundu la ukutani.” Hakutabasamu aliposema. Nikaona hili si jambo la kutania, nikatania kidogo tu.

Nilimsindikiza stoo, kwa sababu penye upepo lazima fundi awepo. Nahodha akafungua mlango, harufu ikatoka mbele yetu kama mtu aliyekuwa akisubiri kufunguliwa. Ukungu, mpira uliooza, mkojo wa panya, na kitu kingine kitamu kitamu ambacho ndicho kilichokuwa kibaya zaidi. Kocha alijifunika pua kwa fulana, akanyakua bawa lililokuwa juu kabisa, la mita sita, safi, limekunjwa vizuri, akatoka mbio.

“Chukua kubwa kama lake,” nikamnong’oneza mpwa wangu. “Kubwa ni kubwa.”

“Mjomba, upepo wa mchana hapa unakuja kwa vishindo. Mwili wangu huu na mita sita, nitaning’inia kama soksi kwenye kamba.”

Akapiga magoti na glavu zake. Akawa anavuta kitambaa cha kila bawa kati ya vidole, karibu na sikio. Kitambaa kizima, aliniambia, kinalia kavu, kama karatasi. Kilichochoka kinanyamaza kama shuka la wodi la miaka kumi, na hicho upepo ukikipiga kinatanuka tu, hakivuti. Akafika chini ya lundo, akalitoa la mita nne. Mama yangu! Lilikuwa na kinyesi cha popo mgongoni, mayai ya mende kwenye mshono, na panya mkavu mmoja amejikunja ndani kama aliyelipia chumba. Glavu akavuta kitambaa. Kikalia kavu.

“Hili,” akasema.

Nilitoka nje nikatema mate mara mbili. Akaniambia nitemee mbali.

Alilifua uani kwa dada yangu, kwa maji baridi na sabuni laini, mara tatu. Mimi nilikaa upande upepo unakotoka nikitoa ushauri. Akafungua zipu ya bomba la mbele aoshe mpira wa ndani, na chini ya valvu, pale upepo unapoingizwa, akakuta donge jeusi, gumu, lenye nywele mbili na bawa la nzi.

“Hii nini tena?”

“Usiulize, kwangua,” nikasema.

Akakwangua kwa kijiko, kijiko nacho akakitupa. Bawa likang’aa. Tukalijaza upepo, likasimama zuri kama mbayuwayu. Asubuhi tulilikuta limelala kifudifudi kama mlevi.

Akapaka mapovu ya sabuni, na pale pale palipokuwa na donge pakaanza kutoka viputo. Katundu kadogo kama jicho la sisimizi, kwenye mpira wa ndani. Dada yangu akaguna. Mimi nikakunja mikono ya shati.

“Pisheni,” nikasema. “Sasa mtoto yuko kwa mzazi.”

Nikasugua kwa msasa, nikapaka gundi ya tyubu, nikapuliza, nikabandika kiraka, nikakipiga nyundo kwa heshima. Siku ile likashika. Kesho yake likashika. Nilitembea mtaa mzima nikisimulia. Nilimwambia Glavu kiraka kile kitamzika yeye.

Jumamosi tulikwenda na dada yangu, na upepo ulikuwa wa matusi. Utando wa kijani umejaa ukingoni, unapumua, na katikati yake samaki mmoja mkubwa anatutazama kwa jicho jeupe. Kwenye uzio zilianikwa suti za mpira za wanafunzi, na harufu yake nitakueleza baadaye, usiwe na haraka. Glavu akaanza kujaza bawa lake. Pampu ile kipimo chake kilikufa zamani, kwa hiyo alikuwa akilipiga bomba kwa ukucha na kusikiliza, kisha analikunja kwenye goti kuona kama linajipinda. Bomba likiwa laini, kishindo kikija bawa linajikunja kama mwavuli mbovu. Linatakiwa ligome.

Likagoma. Kisha tukasikia kitu kikisema *fsss*.

Akafungua zipu, akavuta mpira wa ndani. Kiraka changu kilikuwa kinaning’inia kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Niseme wazi kwamba kiraka hakikuwa na kosa. Ule mpira si mpira, ni plastiki ya kujidai, haipokei gundi ya watu wazima. Nilimweleza Glavu hivyo. Aliniangalia kwa namna ambayo sijaangaliwa tangu nizaliwe.

“Usiniguse bawa langu tena, Mjomba.”

Akajaribu utepe wa umeme, ukabanduka. Huku kocha tayari yuko majini na mita sita zake, watu wanampigia makofi. Nahodha akasogea, akainama kuangalia, akacheka.

“Kwani chingamu iliyokuwa hapa imekwenda wapi?”

“Chingamu gani?” Glavu akauliza, sauti yake ikiwa ndogo.

“Niliibandika mimi mwenyewe. Niliitafuna siku nzima mpaka ikaisha sukari. Imekaa hapo miaka, haijavuja hata siku moja. Ukiibandika, upepo wa ndani unaikandamiza kwenye ganda la kitambaa, haiendi kokote.”

Glavu akaiangalia mikono yake, ingawa siku ile aliyakwangua yale mate ya Nahodha akiwa na glavu. Rangi ilimtoka.

“Tafuteni basi nyingine,” akasema.

“Mpya haifai, ina sukari, itateleza,” Nahodha akasema. “Inatakiwa iliyotafunwa ikachoka.”

Hapo ndipo wote, Nahodha, dada yangu, na watazamaji wawili ambao hawakuhusika, wakageuka kuniangalia mdomo.

Tangu niache tumbaku mimi natafuna chingamu. Ile niliianza alfajiri. Nilikunywa chai nayo ikiwa shavuni, nikala samaki nayo ikiwa shavuni.

“Hapana,” Glavu akasema.

“Mama, sijasema kitu,” nikasema, nikiendelea kutafuna polepole.

“Hapana, hapana, hapana.”

“Meno yangu ni mazima. Karibu yote.”

Wakati huo kishindo cha upepo kikapiga. Mita sita zikamnyakua kocha kutoka kwenye ubao, kifua na kabati lake, zikamburuta kwa uso ndani ya utando wa kijani. Alipoibuka alikuwa anatapika kitu chenye rangi ya mchicha. Kwake imekwisha. Nahodha akamwangalia Glavu. “Upepo ukizidi hapa nafunga,” akasema. “Sasa au basi.”

Mpwa wangu akafumba macho, akanyoosha mkono wenye glavu. Nikaitema juu yake, kwa adabu. Akajaribu kuibandika, ikafuata glavu. Akajaribu tena, ikafuata tena, ikivuta nyuzi ndefu zenye unyevu, na ndani yake nikaona kipande cha samaki na mimi nikaangalia pembeni. Nikasema, “Nikubandikie?”

“Kaa huko huko!”

Akavua glavu. Nakuambia nilikuwa sijaiona mikono ile kwa miaka. Ilikuwa myeupe kwenye ncha na imekunjamana, kama ya mtu aliyetoka kuoga. Kwa vidole vitupu akaichukua chingamu yangu, akaikanda, akaizungusha juu ya katundu, akaisawazisha kwa dole gumba mpaka kingo zikashika. Machozi yalikuwa yanamtoka. Hakutapika. Akafunga zipu, akajaza upepo, akalipiga bomba kwa ukucha. Akaongeza. Nahodha akasema, “Punguza, chingamu itafumuka.” Yeye akasema, “Likiwa laini litajikunja,” akaongeza tena.

Akaingia kwenye kijani kile mpaka kiunoni, yule samaki akigongagonga tumbo lake. Akapanda ubao kwa magoti, akanyanyua bawa, akasimama. Kidogo kidogo ubao ukajitoa majini, na mpwa wangu akaondoka juu ya uchafu wote ule bila sauti. Kishindo kikapiga, bawa halikujikunja. Akalizunguka boya. Dada yangu alikuwa ameshika mkono wangu, kisha akakumbuka ni wangu akauachia.

Wakati wa kurudi nikaona ncha za bawa zinaanza kutikisika. Upepo unatoka. Glavu akasogeza mikono kwenye mishikio ya mbele, akalileta bawa karibu na mwili kama anayemshikilia mgonjwa asianguke kitandani, akaja hivyo hivyo, chini, chini zaidi, mpaka ubao ukagusa mchanga. Ndipo bawa likamwangukia kichwani, limelowa, zito, kama shuka la wodini.

“Kazi ni yako,” Nahodha akasema.

Sisi tukashangilia. Mimi nikawaeleza waliokuwa karibu kwamba ile chingamu ni yangu. Glavu akajitoa chini ya kitambaa, kijani masikioni, akasugua mikono kwa mchanga, akamwuliza mwajiri wake mpya anaanza lini.

“Leo,” Nahodha akasema, akamwonyesha uzio. “Mwalimu ndiye anayefua suti za wanafunzi. Nazo, nikwambie ukweli, wanaoanza wakiogopa wote wanakojoa humo ndani.”

Mpwa wangu akaziangalia zile suti zikidondosha maji. Kisha akaniangalia mimi.

“Mjomba, nipe glavu zangu.”

Sasa anafundisha pale. Bawa lile la mita nne ndilo lake, na chingamu yangu bado imo ndani, ameibandika upya kwa vidole vyake. Nikienda kwa dada yangu naletewa kikombe changu peke yangu, kina alama ya rangi nyekundu chini, kinawekwa rafu ya peke yake. Sukari inafungiwa kabatini, na ufunguo anao Glavu.