Fumbwe kwenye Kimea cha Bibi

Likizo ile, bibi yangu wa kijijini Kilema alinipa kazi moja tu: kufukuza ndege. Alikuwa ameotesha ulezi, ukachipua, na sasa kimea kilikuwa kimeanikwa uani juu ya mkeka, kikauke, kisagwe, kitiwe kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Jumamosi wageni wangekuja kumposa shangazi, na posa bila mbege kwetu ni misa bila padre. Ulezi wenyewe mwaka ule ulikuwa umeadimika kama sukari na sabuni.

"Ukilala, ndege watakunywa mbege ya shangazi yako kabla ya wageni," Bibi akasema, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sikulala. Nilifanya kosa kubwa zaidi: nilifikiri.

Shingoni nilikuwa na kamera ya mjomba, mwalimu wa Moshi mjini, aliyoniazima baada ya mimi kuapa kwa watakatifu wote ninaowajua na wawili niliowatunga. Ndani zilibaki picha tatu. Sasa badala ya kurusha mawe kutwa nzima, kwa nini nisiwafungulie ndege hoteli? Nikachota konzi ya kimea, nikaiweka kwenye ungo juu ya kisiki karibu na migomba, nikajibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Wao wajilie kule, mkeka upone, mimi nipate picha.

Wakaja vindege vya kahawia, kundi zima. Hakuna mwenyekiti, hakuna mkutano, wote ungo mmoja. Mwalimu wetu wa siasa angelia kwa furaha. Nikapiga moja.

Halafu akashuka fumbwe.

Nilishawahi kumwona kwa mbali, kwenye waya za simu, lakini si hatua nne kutoka puani pangu. Mwili wake ungeenea kiganjani: mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu. Lakini mkia! Nyuzi nyeusi, ndefu mara mbili kuliko mwenyewe. Jike lake, rangi ya sare ya shule iliyofuliwa mno, lilikuwa linadonoa kwenye ungo. Dume akasimama hewani juu yake. Nasema kusimama: hakwenda mbele wala nyuma, alipanda na kushuka palepale kama anayeruka kamba ambayo haipo, mkia ukijikunja na kunyooka chini yake. Nyuma yake wingu lilikuwa limefunguka na Kibo iko wazi, nyeupe, na nakuambia, mlima mzima ulikuwa pazia tu la yule ndege.

Mdomo wangu, ambao shuleni hufungwa kwa viboko, ulijifunga wenyewe. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Filamu ikaisha, nikaendelea kutazama.

"Wewe!"

Bibi, na mzigo wa majani kichwani. Nikageukia mkeka. Sifa za hoteli zilikuwa zimefika Marangu. Ndege waliporuka, nusu ya kimea haikuwapo.

Nikakata jani la sale kwenye uzio, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa sale huwezi kunyima msamaha. Akalipokea, ila hakuwa amemalizana nami.

"Huyo ndege alikuwa anafanya nini hata ukapumbaa hivyo?"

"Anaposa, Bibi."

"Na mwanamke alisemaje?"

"Hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anakula kimea chako."

Midomo ikamcheza. "Ana akili huyo. Sasa chukua bakuli, kaombe kimea nyumba kwa nyumba. Na useme ukweli kwa nini."

Nyumba ya kwanza nikasema ukweli. Wakanipa kiganja kimoja. Ya pili nikaurefusha mkia kidogo, wakanipa viwili. Nyumba ya mwisho mkia ulikuwa unagusa ardhi huku ndege yuko juu ya mgomba, na mama mwenye nyumba akacheka mpaka akalijaza bakuli. "Ila picha ikitoka, uniletee."

Jumamosi mbege ilikuwapo, wageni wakanywa, shangazi akaposwa.

Picha zilipotoka studio Moshi, nikampelekea yule mama iliyo bora. Kisiki, ungo, jike limeinama. Juu yao kindege cheusi, na chini yake, pale mkia ulipokuwa ukicheza, ukungu mwembamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye huyu?" Akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaigeuza, akatazama hata nyuma yake. "Mkia uko wapi?"

"Haukuenea kwenye picha, mama," nikamwambia, na sikuwa natania.