Hatua Alizozijua Bibi

Fundi anakoroga jasi katika chumba cha bibi, anatengeneza dari. Nimeingia kumletea misumari, na harufu ile ya unga mweupe uliolowa imenikumbusha hogo, ile plasta ngumu niliyofungwa mguuni utotoni.

Nikiwa mdogo niliungua mguu kwa uji wa moto. Kovu likavuta kisigino juu, nikawa nakanyagia vidole tu. Bibi alikuwa haoni, akanijua kwa mwendo huo: mguu mmoja unatua, mwingine unagusa. Kabla sijabisha hodi alishaita kwa Kisukuma chake, "Karibu, ng'wana wane," mwanangu.

Mama akanipeleka Shinyanga mjini. Madaktari wakalikata kovu, wakarefusha mshipa wa kisigino, wakanifunga hogo zito lililowasha hadi nikalichokonoa kwa njiti ya ufagio. Siku lilipofunguliwa, kisigino kiligusa sakafu. Mama akapiga vigelegele huku analia.

Tuliporudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwa bibi, nimevaa viatu vipya. Alikuwa anamenya karanga. Mikono yake ikasimama.

"Nani huyo?"

Nikarudi mlangoni, nikavua viatu, nikanyanyua kisigino, nikaingia upya kama zamani.

"Karibu, ng'wana wane. Nilidhani kaja mgeni."

Tangu hapo, hadi tulipomzika, sikuwahi kuingia kwake kwa mguu mzima.

Fundi ameacha kukoroga, ananitazama miguuni.

"Vipi bosi, umeumia?"